Kiranja wa Sitaha ya Tano

Mzee alipotea mara tatu kabla meli haijang'oa nanga. Na huyu si mtu wa kupotea ovyo. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mpima ardhi. Alikuwa akiingia porini na kile kifaa chake cha miguu mitatu na kutoka akijua kila jiwe la mpaka limekaa wapi. Lakini meli hii ya matembezi ilimtoa jasho. Korido zote ndefu, zulia moja, milango myeupe, taa zinafanana. Ukishuka ngazi unadhani umeelekea mbele, kumbe ndiyo kwanza unakwenda nyuma. Mara ya tatu aliibukia jikoni, na mpishi mmoja akamtoa kwa adabu akiwa amemshika kiwiko.

Mkewe alimkuta kwenye korido ya sitaha ya tano, kadi ya mlango mkononi, anahangaika na kitasa kisicho chake.

"Baba watoto, hicho chumba cha watu," alimwambia. "Chetu kile chenye kuku."

Kweli, milango miwili mbele palikuwa na sumaku ya friji yenye umbo la kuku, imenata mlangoni. Mkewe alikuwa ameibeba kutoka nyumbani. Milango ya meli ni ya chuma, alieleza, na anayesafiri mara nyingi huweka alama yake siku ya kwanza, la sivyo atazunguka kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Mzee alimtazama kuku yule, akamtazama mkewe, akaingia ndani.

Hii ilikuwa safari ya kumi na nne ya mama watoto. Kila mwaka alikuwa akisafiri na wenzake, kikundi cha wastaafu waliokutana melini na kuzoeana, na kila mwaka mzee alibaki nyumbani akisema yeye ni mtu wa nchi kavu na hana ugomvi na bahari. Mwaka huu alikuja. Hakuja kustarehe, alikuja kuchunguza.

Maana nyumbani mambo yalikuwa yameanza kwenda kombo. Mara mbili chai ilitiwa chumvi. Lango liliachwa wazi usiku kucha. Siku moja mama alitoka kwenda saluni, mtaa wa pili tu, akarudishwa na mwenye duka la vitambaa ambaye alisema kwa sauti ya chini kwamba alimkuta amesimama njia panda. Binti yao mkubwa, muuguzi, anayeishi mwendo wa saa nne kwa basi, alikwisha kukata shauri. Alitayarisha chumba. Mwisho wa mwezi angekuja kumchukua mama yake.

"Na wewe baba utakuja, ukitaka," aliongeza.

Hilo neno "ukitaka" lilimchoma mzee kama mwiba wa samaki. Miaka arobaini na moja ya ndoa, leo anaambiwa ukitaka. Akaomba muda. Chumba cha mama melini kilikwisha kulipiwa tangu mwaka jana, akasema, basi amwache asafiri na mama kwa siku tisa, amtazame mchana na usiku, na kwenye bandari ya tatu atapiga simu kutoa jibu. Binti alikubali kwa shingo upande.

"Lakini umtazame kweli, baba. Usimtazame kwa huruma."

Sasa sikia maajabu. Yule mama wa chumvi kwenye chai, akishatia mguu melini, alikuwa mtu mwingine. Mizigo mikubwa ilichelewa kuletwa vyumbani hadi jioni, abiria wageni wakawa wanatokwa jasho na masweta yao, na yeye akafungua mkoba wa mkononi akatoa dawa za wote wawili, ndala, na shati jepesi la mumewe. "Mkoba wa siku ya kwanza haupakiwi kizembe," alisema. Watu walipokimbilia ukumbi wa juu kula, wakapanga foleni inayopinda kona, yeye alimshika mumewe mkono akamshusha kwenye mkahawa mdogo wa sitaha ya nne. Humo walikaa watu kumi tu na supu ilikuwa ya moto.

Alikuwa na sheria kwa kila kitu. Chumba kiwe chini na katikati, maana ndiko meli inakoyumba kidogo. Vibanio vya nguo usisahau, taulo zinapeperuka juu ya sitaha. Tafuna tangawizi kabla ya kichefuchefu, si baada. Lifti ni za wasioijua meli. Na saa ya mkononi usiiguse hata simu yako ikisemaje, kwa sababu simu hufuata saa za nchi kavu, na meli hufuata saa yake yenyewe na haimsubiri mtu. Katika safari yake ya tatu aliona mume na mke wakikimbia gatini na mifuko ya zawadi huku meli ikiondoka. Alilisimulia hilo akicheka mpaka machozi.

Mzee alisikiliza na kichwa kikamzunguka. Aliandika baadhi ya sheria kwenye karatasi, kisha karatasi ikapotea. Siku ya pili aliingia kwenye ukumbi wa dansi akidhani ni mkahawa. Siku ya tatu alipanda ngazi kwenda juu, akajikuta chini, na mpaka leo hajui ilikuwaje. Kila alipopotea, mkewe alikuwa amekwisha kufika mahali, amekaa, amepata na glasi ya juisi.

Mkewe aliitwa Kiranja na wenzake. Walikuwa watano, na kiongozi wa maneno alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mrefu asiyeachana na mfuko wake wa kufuma. Alikuwapo pia mfamasia mwenye sauti nzito, ambaye alikuwa akivaa kofia ya majani hata ndani. Wote walimwita mzee shemeji na walimtania kwa kupotea kwake.

"Shemeji, tukufunge kengele?" mwalimu alimuuliza.

"Nifungeni kamba kabisa," mzee alijibu.

Kitu kimoja kilimkera. Watu hawa hawakai vyumbani mwao. Ukitoka chumbani, mwalimu amekaa kwenye kiti pale ngazi za mbele zinapoanza, anafuma. Ukifika sitaha ya nne, mfamasia ameegemea ukuta karibu na mlango wa mkahawa kama mlinzi wa benki. Ukienda ukumbini, utamkuta mwingine kwenye kona anasoma gazeti. "Kiranja, huku," wangesema, au "Kiranja, leo mbona umependeza," naye angegeuka kuwafuata akicheka. Mzee alimwambia mkewe siku moja kwamba marafiki zake wana matatizo, watu wazima hawawezi kukaa kwenye makorido siku nzima. Mkewe alisema ndivyo walivyo, amewazoea.

Siku ya tano walitia nanga kwenye bandari ya pili. Mzee hakuweza kungoja ya tatu. Furaha ilimjaa, akaomba simu ishike mtandao, akapiga palepale chini ya ngazi ya meli.

"Mama yako ni mzima kuliko mimi," alimwambia binti yake. "Hicho chumba weka kabati."



"Una hakika, baba?"

"Nimepima kwa macho yangu mwenyewe. Sisi ndio tunaomchosha huko nyumbani. Hapa anaongoza watu wazima na akili zao."

"Haya," alisema binti, na ile haya yake ilikuwa nzito. "Wewe ndiye unayemwona."

Mzee alirudi melini akitembea kwa madaha. Alijiona ameokoa nyumba.

Siku iliyofuata ilikuwa ya bahari tupu, bila bandari. Mzee aliamka akijiamini. Alikuwa amesoma ramani ya meli iliyobandikwa karibu na lifti, na ramani ni mambo yake. Aligundua kwamba kutoka mkahawani kwenda kwenye somo la dansi ipo njia fupi ya ngazi za nyuma, ambayo mkewe hakuwahi kuipita hata siku moja. Baada ya chakula cha mchana akamshika mkono.

"Hatupiti huko," mkewe alisema.

"Leo kiranja ni mimi."

Aliguna, lakini akafuata. Waliteremka ngazi za kwanza. Hapakuwa na mtu. Wakateremka za pili. Pale kwenye kijukwaa cha katikati, penye mtungi wa maua ya plastiki, mkewe akasimama.

Alitazama kushoto. Alitazama kulia. Uso wake ulikuwa mtupu.

"Nyumba hii wameibadilisha lini?" aliuliza.

Mzee akacheka, akidhani ni utani wake. Mkewe hakucheka. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, akaushika mkoba wake kwa mikono miwili, kisha akamsemesha kwa adabu, vile mtu anavyomsemesha mpita njia.

"Samahani, kaka. Unaijua njia ya kwenda kwetu?"

Kaka. Katika miaka arobaini na moja alikuwa amemwita majina mengi, mengine si ya kurudia mbele za watu, lakini kaka hajawahi kumwita. Alitaka kusema mimi ni mumeo, akaogopa jibu atakalopewa.

Hatua za mbio zilisikika juu. Mwalimu alishuka ngazi anahema, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, uzi wa kufuma unaburuzika nyuma yake. Alipofika kijukwaani alipunguza mwendo, akatengeneza uso, akasema kwa sauti ya kila siku:

"Kiranja, dansi imeanza. Tunakungoja wewe tu."

Akamshika mkono na kumwongoza polepole. Baada ya hatua tano au sita mama watoto aligeuka nyuma, akamwona mumewe bado amenata pale.

"Baba watoto, unafanya nini hapo? Utapotea tena."

Na dansi alicheza vizuri, hakukosea hata hatua moja. Mzee alikaa pembeni akimtazama, hajui afurahi au alie. Kama mgonjwa ndiye huyu anayezunguka ukumbini kwa madaha, basi mzima ni nani? Na kama mzima ndiye huyu, yule wa ngazini alikuwa nani? Alijiuliza hayo mpaka yakampotea maana, akabaki kusikia muziki tu.

Mtu akichanganyikiwa hurudi kwenye kazi anayoijua. Mzee alichukua ratiba ya siku, akaigeuza, akatoa kalamu. Akachora meli kwa mistari michache, na akaanza kutia nukta mahali alipowakuta wale marafiki wa mkewe. Ngazi za mbele, mwalimu. Mlango wa mkahawa, mfamasia. Kona ya ukumbi, yule wa gazeti. Kando ya lifti. Mlango wa sitaha ya juu. Alipounganisha nukta, mkono wake ukasimama. Umbo lile alikuwa amelichora maisha yake yote. Mawe ya mpaka huwekwa hivyo hasa: moja kwenye kila kona, na kutoka kila moja lazima ulione linalofuata. Njia nzima ilianzia kwenye mlango wa kuku na kurudi kwenye mlango wa kuku. Ngazi za nyuma hazikuwa na nukta.

Akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu, akamwekea karatasi mapajani.

"Niambie hii ni nini."

Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu. Mfamasia, aliyekuwa karibu, akavua kofia.

"Shemeji, kaa," alisema mwalimu.

"Sikai."

Alisimama lakini alisikiliza. Ilikuwa mwaka juzi, alisimuliwa, kwenye sitaha kama hii. Kiranja alikutwa anajaribu kadi yake kwenye mlango wa watu, analia bila sauti. Siku iliyofuata, akili imemrudi, aliwakusanya wenzake wote watano kwenye meza ya kifungua kinywa. Hakuomba huruma. Aliwagawia kazi. Mwalimu akachimba ndani ya mfuko wa kufuma, chini ya sindano na nyuzi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo imekatika.

Mwandiko ulikuwa wa mkewe, ule ulioinama kulia. Ngazi za mbele, mwalimu, saa mbili hadi saa nne. Mlango wa mkahawa, mfamasia, nyakati zote za chakula. Kupokezana bila kuondoka mpaka mwenzako afike. Saa ni ya meli, si ya simu. Chini kabisa palikuwa na mstari uliopigiwa mstari: Mzee asijue.

Aliusoma mara mbili.

"Kwa nini?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Alisema ukijua utaacha kubishana naye," alijibu mwalimu. "Utakuwa unamwitikia kila kitu, ndiyo mama, sawa mama. Alisema hilo ndilo hataweza kulivumilia."

"Mmenidanganya."

"Hatukukwambia tu, shemeji. Tulimwahidi."

"Mimi nimempigia simu mwanangu," mzee alisema. "Nimemwambia mama yake mzima. Nimemwambia aweke kabati. Mngeniacha nirudi naye nyumbani nikalale usingizi, lango liko wazi."

Hapo wote wawili waliinama. Mfamasia alizungusha kofia yake mikononi na kusema kwamba hilo hawakulijua, la chumba na la binti. Walidhani wanamsaidia Kiranja kusafiri, basi. Mzee aliwakasirikia, na alikuwa na haki ya kukasirika, lakini hasira yenyewe haikupata pa kushika. Angewagombeza kwa lipi? Watu wazima, wengine magoti yao mabovu, miaka miwili wanatumia safari zao kukaa kwenye makorido.

Usiku ule hakumwambia mkewe aliyoyajua. Walilala wakisikia injini.

Bandari ya tatu walifika siku ya nane asubuhi. Nje ya gati palikuwa na bustani ndogo na mabenchi ya saruji. Mkewe alikaa kwenye benchi kuvua kiatu kilichombana. Mzee alikaa pembeni yake, akageuza mgongo kidogo, akapiga simu.

"Baba?"

"Siku ile nilipima vibaya," alisema bila salamu. "Nimepima upya."

Akamweleza. Alieleza ngazi za nyuma, alieleza neno kaka. Alieleza watu watano na zamu zao. Binti alisikiliza bila kumkatiza, vile wauguzi wanavyosikiliza.

"Pole, baba," alisema mwishowe. "Basi chumba kipo. Nitakuja mwisho wa mwezi kama tulivyosema."

"Sijapiga kwa ajili ya chumba. Hawezi peke yake, hilo nimekubali. Na mimi siwezi peke yangu, hilo pia nimekubali, na halikuwa rahisi. Lakini hapa wametosha watu watano, mwanangu, na si ndugu zake. Sisi nyumbani tupo wangapi? Yuko mdogo wako. Yuko shangazi yako, nyumba ya tatu. Yuko yule mwenye duka la vitambaa, alimrudisha siku ile bila kuombwa. Nipo mimi."

"Nyumbani si melini, baba. Melini hakuna pa kwenda."

"Najua. Ndiyo maana sikuombi chumba chako. Nakuomba siku zako za mapumziko."

Mzee alisikia simuni sauti za wodi, kitanda kinasukumwa, mtu anaitwa. Alijua anachomwomba: saa nne za basi kuja, saa nne kurudi, kila wiki, pengine kwa miaka. Alijua pia anaweza kukataliwa, na akikataliwa hatakuwa na la kusema.

"Jumatano," alisema binti. "Jumatano siko kazini. Tuanze hapo, tuone." Kisha sauti ikashuka. "Baba, mama anajua kwamba wewe unajua?"

Mzee aligeuka. Mkewe alikuwa bado ameshika kiatu mkononi, lakini hakuwa anakitazama. Alikuwa anamtazama yeye, macho makavu, na ilionekana wazi kwamba amesikia tangu neno la kwanza.

"Jumatano siitaki," alisema. "Jumatano naenda saluni na shangazi yao. Mwambie aje Alhamisi."



"Alhamisi yuko kazini, mama watoto. Unataka aache wagonjwa?"

"Saluni yangu ni Jumatano tangu hajazaliwa. Abadilishe zamu, si ana wenzake?"

Simu ilikuwa bado sikioni. Binti alikuwa amesikia, kwa sababu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na baba yake alimngoja mpaka atulie.

"Umesikia," mzee alisema. "Anataka Alhamisi. Mimi nimebishana naye, nimeshindwa."